Umenunua Nyumba, Umenunua na Ahadi Zake



Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akijaaliwa kuweka akiba, mara nyingi fikira zake huelekea kwenye nyumba ya kupangisha. Biashara hupanda na kushuka, dhahabu huibwa, lakini chumba chenye mlango na paa humletea mwenyewe kodi kila mwezi, naye akiondoka duniani huwaachia wanawe kitu cha kushika. Rai hii ni njema. Ila nyumba nyingi zinazouzwa katika mitaa yetu ya zamani haziuzwi zikiwa tupu. Zina watu ndani yake: wenye vitanda, vyungu, watoto wa shule, na maafikiano waliyowekeana na mwenye nyumba wa kwanza. Anayenunua nyumba ya namna hiyo hupokea na watu hao, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tumchukue mnunuzi mmoja. Ni wa mfano tu, lakini naamini msomaji hatamwona mgeni. Ni mama wa makamo aliyekusanya akiba kwa miaka mingi: mahari yake, faida ya kuuza nguo, na zamu zake za chama. Ameonyeshwa nyumba ya Kiswahili katika mtaa wa Majengo, Mombasa. Mbele pana baraza. Katikati ukumbi wenye vyumba vitatu kila upande. Nyuma uani penye jiko, choo na bafu. Chumba kimoja cha mbele kimefunguliwa mlango wa njiani kikawa duka. Muuzaji, aliyeirithi nyumba kwa marehemu mama yake, amemwambia kwamba duka hulipa Sh7,000 na vyumba vitano hulipa Sh4,000 kila kimoja. Jumla ni Sh27,000 kwa mwezi. Mnunuzi akapiga hesabu, akaridhika, akalipa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza akaenda kukusanya kodi.

Mwenye duka alimlipa Sh7,000 bila neno, akamkumbusha tu kwamba dipoziti yake ya miezi miwili ingalipo. Kijana wa chumba cha pili akatoa Sh4,000. Mwalimu wa chumba cha tatu akatoa risiti badala ya fedha: alikwisha kumlipa mwenye nyumba wa zamani miezi kadhaa kwa mpigo, na miezi miwili, pamoja na huu, ilikuwa bado imo ndani ya malipo hayo. Fundi wa chumba cha tano naye alikuwa na hoja yake. Paa lilipovuja wakati wa masika, alinunua mabati kwa fedha zake, wakakubaliana na mwenye nyumba kwamba gharama ikatwe kwenye kodi. Miezi mitatu ilikuwa bado. Mpangaji wa chumba cha sita alikuwa na deni la miezi mitatu, na la mwezi huu pia hakuwa nalo.

Kikabaki chumba cha nne, anapokaa mjane mtu mzima.

“Hodi, Mama. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, usisimame mlangoni.”

Akafungua pembe ya leso yake, akatoa Sh2,000 zilizokunjwa vizuri.

“Mama, mimi nimeambiwa chumba hiki ni elfu nne.”

“Nani aliyekwambia? Marehemu mwenyewe aliniambia nitoe mbili, tangu mume wangu alipofariki. Karatasi sina, mwanangu. Nina neno lake.”

Siku ile mnunuzi wetu alirudi nyumbani na Sh13,000, chini ya nusu ya alizozitarajia. Wala hapakuwa na mpangaji hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na haki yake au udhuru wake, na yote hayo yangaliweza kujulikana kabla ya senti moja kutolewa, lau mnunuzi angalipita mlango kwa mlango na kuuliza.

Hati haitaji wanaolala ndani

Watu wengi hudhani kwamba wakili akishafanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi na kukuta hati ni safi, basi hakuna tena la kuogopa. Upekuzi ni wa lazima, lakini una mpaka wake. Unaonyesha jina la mwenye mali, rehani ya benki ikiwapo, na vizuizi vilivyosajiliwa. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hasajiliwi popote.

Pamoja na hayo, haki yake inamfunga mnunuzi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, imetaja haki ambazo zinabaki juu ya mali hata kama hazikuandikwa katika daftari la usajili. Miongoni mwazo ni upangaji usiozidi miaka miwili na upangaji wa kipindi kwa kipindi, ambao ndio upangaji wa vyumba vyetu vingi. Maana yake ni kwamba jina la mwenye nyumba likibadilika, mpangaji habadiliki kuwa mvamizi. Anaendelea kuwa mpangaji kwa masharti yaleyale, na mnunuzi anaingia katika viatu vya muuzaji.

Kwa hiyo mnunuzi hawezi kuingia leo na kusema kesho watu wahame. Kwa mujibu wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upangaji wa kipindi huvunjwa kwa notisi isiyopungua urefu wa kipindi hicho, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi. Anayelipa kwa mwezi hupewa notisi ya mwezi mmoja au zaidi. Kubadilisha kufuli, kuezua mabati, kukata stima au kufunga maji ili mtu aondoke kwa kuchoka si njia ya sheria, na mwenye kufanya hivyo anaweza kujikuta mshtakiwa ndani ya mali yake mwenyewe. Vilevile si halali kuingia chumbani na kuchukua televisheni ya mtu kufidia kodi. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kuna sheria yake, na anayetumwa kazi hiyo ni dalali wa mnada mwenye leseni.

Wapo wapangaji wawili wenye ulinzi zaidi. Wa kwanza ni yule wa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Huyu yumo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, nayo ina baraza lake maalumu. Kodi yake haipandishwi wala hatolewi kwa matakwa ya mwenye nyumba peke yake. Msomaji ataona mara moja kwamba yule mjane wa Sh2,000, asiye na karatasi, huenda ndiye mwenye kinga kubwa kuliko wote waliomo ndani ya nyumba ile.

Wa pili ni mwenye duka. Maduka, hoteli na mikahawa vina sheria yake, Sura ya 301. Ikiwa mkataba wa duka haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, upangaji huo unalindwa. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mpangaji au kubadilisha masharti, ikiwa ni pamoja na kuongeza kodi, lazima atoe notisi ya miezi miwili au zaidi kwa fomu iliyowekwa na sheria, ataje sababu, na mpangaji ana haki ya kwenda kwenye baraza la mizozo ya majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Mnunuzi anayekusudia kulitwaa duka amfungulie mwanawe biashara asidhani kwamba kununua nyumba kumekwisha kumpa duka.

Dini imelisemea jambo hili zamani

Sisi tulio wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi katika pwani hii hatuna haja ya kudhani kwamba haya ni mambo ya sheria za serikali peke yake. Kupangisha ni ijara, na ijara ni mkataba wa lazima. Mwanzoni mwa Suratul Maida waumini wameamrishwa watimize mikataba yao. Imam Nawawi, katika Minhaj al-Talibin, amelieleza suala lenyewe: kuiuza nyumba iliyokwisha kukodishwa kwa mtu asiyekuwa mpangaji kunafaa kwa kauli yenye nguvu, na ijara haivunjiki kwa mauzo hayo. Mnunuzi huimiliki nyumba, lakini manufaa yake hubaki kwa mpangaji hadi muda wake uishe.

Mafakihi wameongeza jambo ambalo kila mnunuzi anafaa kulishika. Aliyenunua bila kujua kwamba nyumba imekodishwa ana hiari ya kuvunja mauzo, kwani hiyo ni kasoro aliyofichwa. Lakini aliyenunua huku anajua hana hiari hiyo; amekubali mwenyewe. Mnunuzi wetu wa Majengo aliwaona wapangaji kwa macho yake siku aliyoonyeshwa nyumba. Hawezi kusema hakujua kwamba wamo. Alichokosa kujua ni masharti yao, na hilo lilikuwa juu yake kuuliza, kama lilivyokuwa juu ya muuzaji kutoficha. Muuzaji anayetaja kodi ya Sh4,000 kwa chumba anachojua kinalipa Sh2,000 amedanganya katika biashara, nasi sote tunajua uzito wa dhambi hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba mkataba hauulizi dini ya mpangaji. Mpangaji Mkristo aliyetoka bara na mpangaji Mwislamu aliyezaliwa mtaani wana haki moja mbele ya mwenye nyumba. Ikiwa mmoja wao anafanya ndani ya chumba biashara ambayo Mwislamu hawezi kuiridhia, kama vile kuuza pombe, basi lijulikane kabla ya kununua. Mnunuzi amuulize muuzaji alimalize, au aulize wanazuoni njia iliyo bora, kisha apite kwenye notisi. Ubaya wa biashara hauhalalishi dhuluma katika kumtoa mtu.

Karatasi moja kwa kila mlango

Sasa tumrudishe mnunuzi wetu nyuma, kabla hajalipa, tuone lipi angalifanya.

Angemwomba muuzaji orodha iliyoandikwa ya wapangaji wote, kisha angeomba ruhusa ya kuzungumza na kila mmoja, muuzaji akiwapo. Muuzaji mkweli hatakataa. Akikataa, hilo nalo ni jawabu. Kwa kila mlango angechukua karatasi moja na kuuliza maswali haya:

Unaitwa nani, na unaishi hapa na nani? Uliingia lini? Mlikubaliana kodi kiasi gani, na hulipwa tarehe ngapi? Umelipa mpaka mwezi gani? Je, kuna miezi uliyolipa mbele? Uliweka dipoziti kiasi gani, na alipewa nani? Je, una deni lolote, au wewe ndiye unayedai kwa sababu ya ukarabati uliofanya? Stima na maji hulipwa vipi: mita yako mwenyewe, tokeni za pamoja, au vimo ndani ya kodi? Je, kuna ahadi nyingine yoyote uliyopewa kwa mdomo?

Swali hilo la mwisho lisiachwe hata kidogo. Nyumba zetu zimejengwa kwa matofali, lakini zimeendeshwa kwa maneno ya mdomo. Ni hapo utakapomsikia mjane na neno la marehemu, au jirani aliyeruhusiwa kuanika nguo uani, au mpangaji anayelipa pungufu kwa sababu ndiye anayefagia ukumbi na kuosha choo.

Majibu yakishaandikwa, mpangaji aweke sahihi au dole gumba, muuzaji aweke yake, na wawepo mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imehimiza kuandika madeni na kushuhudisha. Na dipoziti ni deni, kodi iliyolipwa mbele ni deni, mabati ya fundi ni deni. Wapangaji wanaolipa kwa M-Pesa waombwe waonyeshe ujumbe wa malipo ya miezi michache iliyopita. Jambo hili halimvunjii mtu heshima likiombwa kwa adabu. Linamlinda yeye kabla ya kumlinda mnunuzi.

Hesabu ya kweli

Karatasi zikikusanywa, hesabu ya nyumba ile ya mfano ingekuwa hivi.

Kodi ya kweli kwa mwezi si Sh27,000. Ni Sh7,000 za duka, Sh16,000 za vyumba vinne, na Sh2,000 za mjane: jumla Sh25,000. Bei inayotokana na Sh27,000 ni bei ya nyumba ambayo haipo.

Dipoziti zilizo mikononi mwa muuzaji ni Sh14,000 za duka na Sh4,000 za kila kimoja katika vyumba vinne: jumla Sh30,000. Fedha hizi si za muuzaji wala za mnunuzi. Ni za wapangaji. Siku ya kuhama watazidai kwa mwenye nyumba aliyepo, naye atakuwa mnunuzi. Basi muuzaji azikabidhi, au zipunguzwe katika bei.

Mwalimu ana miezi miwili aliyokwisha kulipa, yaani Sh8,000. Fedha hizo muuzaji amezipokea, lakini mnunuzi ndiye atakayekaa miezi hiyo bila kodi ya chumba. Fundi ana miezi mitatu ya kukatwa, Sh12,000. Hizi nazo zitajwe wakati wa kukubaliana bei, kwa kuwa baada ya kutia sahihi ni vigumu kuzidai.

Ukijumlisha Sh30,000, Sh8,000 na Sh12,000, unapata Sh50,000. Hicho ni kiasi ambacho mnunuzi wetu alikilipa mara mbili pasipo kujua: mara ya kwanza kwa muuzaji ndani ya bei, mara ya pili kwa wapangaji kidogo kidogo.

Na lile deni la Sh12,000 la chumba cha sita? Deni la miezi iliyopita kabla ya mauzo ni la muuzaji, kwa sababu mpangaji alikaa katika nyumba yake. Ni salama zaidi aachiwe yeye mwenyewe alidai. Kununua madeni ya watu kwa bei ya punguzo ni mlango ambao wanazuoni wameutahadharisha, na kumkaribisha mpangaji wako wa kwanza kwa kumdai deni lisilo lako si mwanzo mzuri. Mnunuzi ahesabu kuanzia siku yake. Mpangaji akiwa katika dhiki ya kweli, apewe muda, kama tulivyofunzwa kuhusu mdaiwa mwenye shida. Lakini asitozwe faini ya kuchelewa kwa ajili ya kujaza mfuko wa mwenye nyumba, kwani wanazuoni wengi wanaiona faini hiyo kuwa ni riba.

Juu ya hayo, mnunuzi asisahau ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini, na ada ya wakili.

Je, muuzaji ana haki ya kuuza?

Katika pwani yetu swali hili halitoshi kujibiwa kwa kuona funguo mkononi mwa mtu. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni mirathi. Muuzaji wetu amesema nyumba ilikuwa ya mama yake. Je, hakuacha mabinti? Hakuna ndugu wengine? Katika familia nyingi kaka mkubwa ndiye anayekusanya kodi, na wapangaji wanamwita mwenye nyumba, ilhali dada zake wana mafungu yao waliyopewa na Mwenyezi Mungu. Sheria ya urithi ya Kenya inakataza kuuza mali isiyohamishika ya marehemu kabla ya hati ya usimamizi wa mirathi kuthibitishwa na mahakama. Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Mnunuzi aone hati hiyo iliyothibitishwa na ridhaa ya warithi wote. Nyumba iliyonunuliwa kwa kumla dada wa mtu haina baraka, wala haina usalama.

La pili ni ardhi. Mombasa ina desturi ya zamani ya nyumba bila ardhi: mmoja ndiye mwenye nyumba, mwingine ndiye mwenye kiwanja, na mwenye nyumba humlipa kodi ya kiwanja. Katika hali hiyo anayenunua nyumba anakuwa mwenye nyumba kwa wapangaji wake na mpangaji kwa mwenye ardhi. Aulize: kodi ya kiwanja ni kiasi gani, imelipwa mpaka lini, na mwenye ardhi anayakubali mauzo haya? Malimbikizo ya kodi ya kiwanja yanaweza kumeza kodi ya vyumba vyote.

La tatu ni wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi. Ikiwapo shaka yoyote kwamba nyumba au kiwanja ni cha wakfu, mnunuzi aulize Tume ya Wakfu mjini Mombasa kabla ya kwenda hatua nyingine.

Siku ya kwanza ya mwenye nyumba mpya

Mauzo yakikamilika, muuzaji awaandikie wapangaji wote barua, akitaja kwamba nyumba imeuzwa, jina la mwenye nyumba mpya, na tarehe ambayo kodi itaanza kulipwa kwake. Pasipo barua hiyo wapangaji wana haki ya kusita, kwa sababu yeyote anaweza kuja mlangoni na kudai kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Na mpangaji aliyemlipa mwenye nyumba wa zamani kwa nia njema, kabla hajajulishwa, asitozwe mara ya pili. Aliyepokea ndiye wa kudaiwa.

Baada ya barua, mnunuzi aende mwenyewe na amtembelee kila mpangaji. Atoe risiti kwa kila shilingi. Ajue tundu la paa na bomba linalovuja kabla hajajua tarehe ya kupandisha kodi. Akitaka mikataba mipya ya maandishi, aianze na masharti yaliyopo, kisha yajadiliwe mabadiliko kwa wakati wake.

Asisahau pia sehemu ya serikali. Tangu Januari 2024, mwenye mapato ya kodi za nyumba za kuishi yaliyo kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yaliyo chini ya Sh288,000, pamoja na kodi ya duka, huhesabiwa katika ritani ya mwaka. Kwa upande wa zaka, nyumba ya kupangisha yenyewe haitolewi zaka. Kinachoangaliwa ni kodi iliyokusanywa ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Tumalize na chumba cha nne. Mnunuzi wetu afanye nini na mjane wa Sh2,000? Sheria ina ya kusema, kama tulivyoona. Lakini hata sheria ingalinyamaza, jawabu lilikuwa limekwisha kupatikana siku ya kununua. Mwenye kuuliza mapema angalijua kwamba chumba kile ni cha Sh2,000, angaliiweka hesabu hiyo ndani ya bei, na muuzaji ndiye angaliibeba tofauti, kwa kuwa neno lile lilikuwa la mama yake. Asiyeuliza amelipa bei ya Sh27,000 kwa nyumba ya Sh25,000, kisha anamtafuta mjane amlipie tofauti. Hiyo si haki ya mjane kuibeba.

Mwenye nyumba anaweza kubadilika kwa siku moja mbele ya wakili. Ahadi alizoziacha nyuma hazibadiliki siku hiyo. Basi dada yangu, kabla hujaihesabu kodi ya nyumba unayoitaka, bisha hodi kwenye kila mlango, keti, na uulize. Ukiona ahadi zilizomo huziwezi, iache nyumba hiyo. Riziki si moja. Ukiona unaziweza, nunua kwa bei yake ya kweli, uzitimize, na Mwenyezi Mungu atakutilia baraka ndani yake.

Wabillahi tawfiq.